Gogo la Uyoga Nyuma ya Jiko la Mkwe

Uyoga ulionipa jina Korogwe ulikuwa mdogo kuliko kifungo cha shati. Uliota juu ya magogo ya myombo yaliyooza katika msitu wa Handeni, siku chache tu baada ya mvua za kwanza. Ukiuwahi kabla jua halijaufikia, kofia yake ilikuwa na rangi ya shingo ya njiwa, buluu iliyochanganyika na kijivu, na mguu wake mwembamba kama uzi wa kushonea. Jua likipanda kidogo, buluu ile inaondoka, unabaki wa kahawia kama uyoga mwingine wowote. Adhuhuri ikifika umelala.

Nimeishi muda mrefu, na mengi niliyoyafanya ningeyafanya vingine kama ningerudishwa nyuma. Lakini uyoga ule niliuchora sawasawa. Hilo halina mtu wa kuninyang'anya.

Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge enzi ya Mwingereza. Mimi nilizaliwa kambini, karibu na Korogwe, katika safu za vyumba ambako watu wa makabila yote walikula pamoja na kuzikana pamoja, lakini kila mmoja aliacha mila zake huko alikotoka. Nilisoma mpaka sekondari, nikarudi, nikawekwa kwenye mizani ya kupimia mkonge. Kazi ile niliichukia. Nilikuwa na mkono wa kuchora tangu shuleni, na habari hiyo ilipomfikia Bwana Misitu, Mwingereza mmoja mrefu aliyesema Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto, aliniita ofisini kwake. Magogo ya Handeni yalikuwa yanaoza kabla ya kufika kwenye mashine ya mbao, na yeye alitaka kujua ni uyoga gani unaoyala. Alitaka kila aina ichorwe, iandikwe mahali ilipoota, na ielezwe.

"Majira ya mvua moja," aliniambia. "Ukiweza, unabaki. Usipoweza, mizani yako bado ipo."

Basi nikaingia msituni na kikapu, wembe, kioo cha kukuzia, kisanduku cha rangi za maji na makopo yaliyotandikwa majani mabichi. Nilijifunza kuukata uyoga na ganda la mti ulioushikilia, maana mguu wenyewe ukiuvuta unaacha nusu ya habari zake chini. Nilijifunza kuunusa. Mwingine unanukia unga wa mahindi, mwingine figili, mwingine samaki aliyelala. Nilijifunza kuugeuza na kutazama vile vijikaratasi vya chini ya kofia, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa duara: je, vimeugusa mguu, au vimekoma kabla? Halafu unakata kofia, unailaza juu ya karatasi na kuifunika kikombe, ili idondoshe unga wake. Unga huo ndio mbegu, na rangi yake ndiyo inayotenganisha aina na aina. Aina nyingi ndogo za Handeni hazikudondosha kitu. Niliinua kikombe, nikatazama karatasi, nikaandika: hautoi unga.

Watu walinicheka sana. Kwa Wazigua, na kwetu pia, uyoga ni kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume aliyeinama chini ya mti na kikapu ni kichekesho cha bure. Tarishi wa ofisi, mtu wa makamo ambaye kofia yake ya kazi haikumtoka kichwani, alinisubiri mlangoni kila niliporudi.

"Karani, leo mboga gani?"

"Si ya kuliwa, mzee."

"Isiyoliwa unaichumia nini? Au mke hajui kupika?"

Nilivumilia. Kilichonishinda kuvumilia ni maneno ya Bwana Misitu mwenyewe. Nilipompelekea mchoro wa uyoga wa buluu, alifungua kopo, akakuta utelezi wa kahawia. Akatazama mchoro, akatazama kopo. Akachukua penseli nyekundu, akaandika pembeni kwamba rangi haiaminiki.

"Umetia chumvi," alisema.

"Hapana, Bwana. Asubuhi ndivyo ulivyo."

"Uyoga wa namna hii wenye rangi hii sijauona. Niletee mzima, niuone kwa macho yangu. Mchoro usioaminika mmoja unaharibu yote iliyo pamoja nao." Hakuongeza neno juu ya mizani. Hapakuwa na haja.

Nilijaribu kwa kopo, kwa chupa, kwa jani la mgomba lililoloweshwa. Kutoka Handeni mpaka Korogwe kwa malori ya siku zile ni safari ya kutikiswa kutwa nzima, na kila nilipofunua nilikuta maji ya kahawia. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Ndipo, nikiwa nimekaa juu ya gogo lenyewe huko msituni, nikajiona mjinga. Nilikuwa nabeba mtoto na kumwacha mama. Uyoga uliozaliwa utakufa njiani, lakini gogo lenye mzizi wake, likiloweshwa, litazaa tena popote litakapofika.

Nikachagua gogo bovu, zito, urefu wa mkono wangu, lenye vichwa vidogo kama punje za mtama vilivyoanza kuchomoza. Nikalifunga kwa gunia lenye maji, nikapanda nalo juu ya lori la mkaa.

"Karani," utingo akaniuliza, "Korogwe kuni zimekwisha?"

"Hizi si kuni."

"Basi ni jeneza la nani?"

Watu wote juu ya lori wakacheka. Mimi nilikuwa nalinyunyizia maji kwa mkono kutoka kwenye kibuyu changu cha kunywa, na nilikaa na kiu.

Lori lilikomea Segera. Siku hizo Segera haikuwa njia panda ya mabasi na makelele. Palikuwa vibanda vichache na njia ya vumbi. Pale palikuwa na lori la mkonge linaondoka kwenda Korogwe, limejaa, lina nafasi ya mtu mmoja tu kwa dereva, bila mzigo. Ofisini nilikuwa nangojwa siku ile ile na michoro mingine. Nikakumbuka kwamba wakwe zangu wanakaa hatua chache kutoka barabarani, na mke wangu, niliyemwoa mwaka uleule, alikuwa huko akimsaidia mama yake kupalilia mahindi. Nikaona hapo ndipo mahali salama.

Nilipofika, mke wangu alikuwa shambani. Uani palikuwa na mama mkwe peke yake, anapepeta. Kwao Wazigua, mkwe mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe, hali mbele yake, hasemi naye. Hilo nilifundishwa siku ya ndoa na nililishika kwa bidii ya mgeni. Nikakohoa nje ya ua. Yeye akageuka, akajifunika kanga usoni, akaingia ndani. Nami nikaingia upesi, nikalilaza gogo langu kando ya jiko, gunia na yote, nikatoka bila neno. Nikaondoka nimejisifu kwa adabu zangu.

Niliporudi baada ya siku mbili, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinikuta barabarani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na kijana huyu aliufaidi utani ule kama mtu anayekula muwa.

"Nikuite nani leo?" alisema. "Baba anasema wewe mkwe. Mimi nasema wewe mtani. Mama anasema wewe adui."

"Nimefanya nini?"

"Hujui! Mnyamwezi kweli wewe. Kwetu mkwe akilaza gogo uani, ametoa kuni. Ni heshima kubwa. Mama kaona gogo zito limefungwa gunia, kapiga vigelegele. Kaita majirani waje waone mtoto wa manamba wa mkonge alivyo na adabu. Kalifungua mbele yao." Akaniinamia sikioni ili nionje. "Akatoka jongoo."

"Liko wapi?"

"Jongoo?"

"Gogo, shemeji! Liko wapi?"

"Husemi hata pole? Mama kalia machozi. Watu wameondoka wameshika midomo. Mkwe kamletea uozo umefungwa kama maiti!"

"Pole, pole sana. Mmelichoma?"

"Tulijaribu. Limetoa moshi tu, jiko zima tukakohoa. Mama kalitupa nyuma huko kwenye maji machafu."

Kosa lilikuwa langu lote. Kambini kwetu gogo lilikuwa gogo tu. Nilikuwa nimejifunza nisiseme na mama mkwe, sikujifunza kwamba kuna vitu vinavyosema badala yangu.

Mke wangu alinipokea akiwa amekasirika kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

"Ungenitafuta shambani. Ungemwambia hata mtoto wa jirani."

"Lori lilikuwa linaondoka."

"Lori! Mama yangu amevuliwa nguo mbele ya watu, wewe unaniambia lori."

Nilimweleza kila kitu: mchoro, penseli nyekundu, mizani, uyoga wa buluu. Nikamwomba amwambie mama yake kwamba lile halikuwa zawadi, kwamba nalihitaji, nilichukue niende nalo. Akaingia ndani. Nilisikia sauti mbili, kisha moja. Akatoka.

"Mama anasema, kilicholazwa uani kwake hakitoki uani kwake, hata kikiwa kibovu. Ukikitoa sasa, majirani watasema amekurudishia kuni, na mkwe aliyerudishiwa kuni amenyimwa binti pia. Ukitaka kulitazama gogo lako, litazame hapo hapo lilipo."

Hapakuwa na rufaa. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikalikuta limelala chini ya upenu, ncha moja imeungua, katika matope ya maji ya kuoshea vyombo. Nilipiga magoti na kioo changu. Vichwa vya mtama vilikuwa hai. Maji ya vyombo aliyoyamwaga kwa hasira, asubuhi na jioni, yalikuwa yamelinywesha kuliko kibuyu changu.

Sasa tatizo likawa moja. Jiko ni la mama mkwe, na mimi sina ruhusa ya kuwa anapokuwa. Alilitatua yeye mwenyewe. Jioni ile alitoa jamvi kuukuu, akamwagiza shemeji alitundike kutoka kwenye upenu mpaka kwenye nguzo ya ua, yeye awe upande wa moto na mimi upande wa gogo.

Kulipopambazuka nilikuwa nimekwisha kaa na kisanduku changu cha rangi. Mke wangu alikuwa amekwenda kisimani. Upande wa pili wa jamvi nilisikia kuni zinavunjwa, halafu sauti ya mama mkwe.

"Mwambie mumeo, kuku watakula vitu vyake."

Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Alikuwa anasema na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa akikwaruakwarua kati yetu. Nami nikamtazama kuku yule, nikasema, "Mwambie mama, nashukuru, nitawafukuza."

"Mwambie, kufukuza hakutoshi. Achukue tenga pale."

Nikachukua tenga la kuku, nikalifunikia gogo. Kuku yule alitutumikia vizuri asubuhi ile.

Kabla jua halijapanda juu ya paa, vichwa vilifunguka. Sikuwahi kuvitazama kwa utulivu namna ile, bila siafu miguuni wala haraka ya lori. Buluu ilianza katikati ya kofia, ikamwagika mpaka kwenye ukingo, ikawa nyepesi kama maji ya kwanza ya kufulia nguo ya kaniki. Nilichora. Nilichora uyoga mchanga, uliokomaa na unaochoka, kila mmoja katika saa yake. Nilipochanganya rangi mara ya tatu na kuipata hasa, nilisahau nilipo, nikasema kwa sauti, "Ndiyo hii!"

Upande wa pili wa jamvi mama mkwe akagonga chungu kwa mwiko. Kisha: "Mwambie mumeo, aliyepata asipige kelele. Uyoga ukipigiwa kelele unarudi chini."

Nilikata kofia moja, nikailaza juu ya karatasi nyeupe kama kawaida, nikaifunika kikombe. Mchana mke wangu alihitaji mahali pale kwa kutwanga. Akainua kofia ile kwa ncha za vidole, akailaza juu ya chungu kikubwa kilichofudikizwa, akairudishia kikombe chake. Jioni nilipoinua kikombe, juu ya masizi meusi ya chungu palikuwa na duara la mistari myeupe, safi, nyembamba, kama miale ya jua iliyochorwa kwa chaki.

Nilikaa chini. Uyoga ule ulikuwa unatoa unga siku zote. Unga ulikuwa mweupe, nami nilikuwa nautafuta juu ya karatasi nyeupe. Na si huo tu. Ile yote niliyoiandikia kwamba haitoi unga, msimu mzima.

Nilimtuma shemeji kwa dereva wa lori la mkonge na ujumbe kwa Bwana Misitu: uyoga uko hai Segera, aje mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Niliwajibika kumwita, sikuwa na hakika kwamba kitabaki kitu cha kumwonyesha. Vichwa vilivyokuwa havijafunguka vilikuwa vichache mno.

Kesho yake alikuja kweli na gari lake, shati limekwisha lowa jasho. Baba mkwe alimpokea, akamzungusha nyuma ya jiko. Mama mkwe alikuwa ameketi upande wake wa jamvi. Nilijua kwa sababu hapakuwa na sauti yoyote ya kazi. Nikainua tenga. Miwili ilikuwa imekwisha geuka kahawia. Mitatu ilikuwa imelala. Mmoja tu, chini kabisa karibu na ncha iliyoungua, mahali pa kivuli, ulikuwa ndio kwanza unafungua kofia yake, na ulikuwa buluu.

Bwana Misitu alivua kofia, akapiga magoti katika matope ya maji ya vyombo. Alitoa kioo chake. Akaufuata uyoga nacho kutoka kofia mpaka mguu.

"Lete mchoro," alisema.

Nikamshikia kando ya gogo. Akatazama huku, akatazama kule. Akatoa penseli nyekundu mfukoni, akayakata maneno yake mwenyewe kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwamba rangi ni ya kweli, akatia sahihi. Nimepewa vyeti baadaye na watu wakubwa kuliko yeye. Hakuna kilichonijaza kifua kama mstari ule.

Ningeweza kuishia hapo. Nilimwonyesha chungu.

"Unga wake ni mweupe, Bwana. Niliandika hautoi. Na mingine niliyoiandikia hivyo, huenda niliikosea yote. Niliilaza juu ya karatasi nyeupe."

"Yote?"

"Yote, Bwana."

Akainama juu ya chungu na kioo chake. "Michoro ya kwanza imekwisha kwenda ng'ambo," alisema. Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Utairudia yote. Mvua zijazo. Tafuta kitu cheusi."

Ndivyo nilivyojua kwamba nimepata kazi. Nilinunua vibao vya kuandikia, vile vyeusi vya watoto wa shule, na kwa miaka mingi unga mweupe wa uyoga wa Handeni na Korogwe ulianguka juu yake nikaunakili. Ile iliyokwenda ng'ambo na neno langu la uongo sikuipata tena. Huenda ipo kabatini mpaka leo, na jina langu chini yake. Hiyo inaniuma bado.

Jambo la mwisho lilikuwa mahali. Bwana Misitu alitaka niandike Handeni, maana gogo limetoka Handeni. Nikamwambia gogo limetoka Handeni, lakini uyoga huu umeota Segera, kwa maji ya vyombo. Akasema haitapendeza. Nikasema ndiyo kweli. Akacheka, akaniachia. Kwa hiyo mchoro ule unasema, kwa mwandiko wangu: juu ya gogo la myombo lililotoka Handeni, umeota nyuma ya jiko la mama mkwe wa mchoraji, Segera.

Wiki iliyofuata nilirudi. Safari hii nilibeba gogo la mgunga, kavu, gumu, zito hata bega likavimba, na nilipita nalo katikati ya nyumba za majirani polepole, mchana, ili kila mtu aone. Nikakohoa. Nikalilaza uani kando ya jiko. Lile bovu lilikuwa bado mahali pake, chini ya tenga. Nalo lilibaki pale mpaka lilipokuwa udongo.

Jamvi lilikuwa halijaondolewa. Nikasikia shoka linagonga, likarudi, likagonga tena. Kisha moto ukapasuka, mkavu, bila moshi.

"Mwambie mumeo," mama mkwe alimwambia kuku, "hizi ndizo kuni."